Kuku Mgeni Alale Langoni

Kuku wa Dorca walikuwa na majina. Si mzaha. Kulikuwa na Sukari, kuku mwekundu aliyeanguliwa kutoka yai la Muhoroni. Kulikuwa na Chifu, jogoo mnene aliyependa kutembea mbele ya wenzake. Kulikuwa na Mama Kanisa, mweupe pepepe, asiyekosa kutaga Jumapili. Kila asubuhi Dorca alifungua mlango wa jikoni. Kuku wakatoka mmoja mmoja, naye akawaita kwa majina huku akiwarushia mtama.

Mimi ninayeandika haya ni Mwalimu Oketch. Nafundisha ngumbaru, yaani darasa la watu wazima, katika kanisa dogo karibu na soko la Katito. Dorca ni mwanafunzi wangu. Hukaa mbele kabisa, na hunirekebisha nikikosea. Mengi ya mambo haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinisimulia yeye, na Dorca hana tabia ya kuficha neno.

Mwaka ulikuwa 1998. Mvua kubwa za El Niño zilikuwa zimeondoka, zikatuachia matope, mbu na kipindupindu. Watu wa afya walipita boma kwa boma. Walitupa dawa ya maji katika chupa ndogo, wakatuonyesha jinsi ya kuitumia. Tia kifuniko kimoja mtungini, koroga, subiri nusu saa, ndipo unywe. Dorca alilishika somo hilo kuliko sisi sote. Kwake hata maji ya kunawa uso yalitiwa dawa. Mumewe, Joram, ni fundi wa baiskeli pale sokoni. Alilalamika kwamba chai yake inanuka hospitali.

"Afadhali chai inuke hospitali kuliko wewe ulale hospitali," Dorca akamwambia.

Joram akanywa chai yake.

Binti yao Milka alikuwa fundi wa cherehani Muhoroni. Huko alimpata kijana mmoja, Masinde, dereva wa trekta la miwa. Masinde ni Mbukusu, kwao ni Bungoma. Mwezi wa Aprili alikuja kujitambulisha, na wazee wakapatana. Jumamosi ya pili ya Disemba jamaa zake wangekuja nyumbani kwa Joram. Wangekula pamoja, ndipo mambo ya ndoa yaendelee.

"Watakuja watu wangapi?" Joram aliuliza.

"Kumi na wawili," Milka akajibu. "Mkubwa wao ni baba yake, Mzee Wepukhulu."

"Basi tutawapikia samaki. Sisi si watu wa ziwa?"

Milka alimtazama mama yake. Mama yake alitazama paa.

"Baba Milka," Dorca akasema polepole, "umpe Mbukusu samaki, halafu useme umemkaribisha? Atakula, atashukuru. Akifika kwao atasema alilala njaa. Mgeni wa kule hajala mpaka ale kuku. Na mzee asipopewa firigisi, ni kama umemfungia mlango."

"Sawa. Tutanunua kuku sokoni."

"Kuku wa soko? Nimlee Milka kwa mikono yangu miaka yote hii, halafu nimpe mkwe wangu kuku nisiyemjua hata mama yake?"

Maneno yakaishia hapo. Kuku wa Disemba wangetoka bomani kwa Dorca. Alikuwa nao ishirini na sita.

Lakini moyoni aliogopa kitu kimoja, kideri. Wengine huita nyukaso. Ugonjwa huu ukiingia bomani, leo kuku anasinzia. Kesho anahema kwa shida na kuharisha kijani. Keshokutwa shingo imepinda, na baada ya hapo ni kifo. Hakuna dawa ya kuutibu. Mwaka uliotangulia ugonjwa huo ulipita kwangu, nikabaki na banda tupu na manyoya ya kufagia.

Dorca hakungoja uje kwake. Mwezi wa Mei alipanda gari kwenda Kisumu, kwenye duka la kampuni ya Ziwa Mifugo. Kampuni hiyo hushughulikia afya ya wanyama wote. Upande wa mbele wa duka, watu wa mjini hupanga foleni na paka vikapuni na mbwa kwenye minyororo. Upande wa nyuma, wafugaji hununua dawa ya kupe, dawa ya minyoo na chanjo. Siku hiyo Dorca alikuta mbwa mmoja mnene amesimama juu ya meza. Mwanamke kijana mwenye mtandio kichwani alikuwa akimchana manyoya.

"Huyu anaenda harusini?" Dorca akauliza.

"Anatolewa viroboto, Mama," yule mwanamke akacheka. Jina lake Rehma, binti ya Saleh, mzaliwa wa Kaloleni pale Kisumu. "Karibu. Nikusaidie nini?"

"Nataka chanjo ya kideri. Nina kuku ishirini na sita, na Disemba nina wakwe."

Rehma alifungua friji, akatoa chupa ndogo kama kidole gumba. Aliitia katika thermosi yenye barafu.

"Isipigwe na jua," akasema. "Ikipata joto inaharibika. Kesho asubuhi wanyime kuku maji kwa saa mbili, ili wawe na kiu. Kisha changanya chanjo na maji katika beseni la plastiki. Wanywe yote upesi, yasikae zaidi ya saa mbili. Kuku mgonjwa usimpe chanjo."

"Nimeshika," Dorca akasema. Akayarudia yote, hata neno moja halikuanguka.

Rehma alifungua kinywa aongeze jambo. Wakati huo huo yule mbwa aliona paka. Aliruka kutoka mezani na mnyororo wake, na duka zima likawa vurugu. Rehma akamkimbilia. Dorca akajiondokea na thermosi yake, akiwahi gari.

Asubuhi iliyofuata alifanya kila kitu alivyoambiwa. Aliwanyima kuku maji kwa saa mbili. Alichukua beseni la plastiki, akatia maji ya kisima. Halafu aliyatazama yale maji, akakumbuka kipindupindu. Akaleta ile chupa ya dawa ya maji. Akatia kifuniko kimoja, na kwa mapenzi akaongeza cha pili. Alikoroga, akasubiri nusu saa, ndipo akaimimina chanjo.

"Kunyweni, wanangu," akawaambia. "Haya ni maji ya watu."

Kuku wakanywa wote. Dorca akafurahi sana.

Mwanzoni mwa Juni dada yake alikuja kumtembelea. Huyu ni Anyango, mchuuzi wa samaki. Hununua mbuta Kendu Bay na kuwauza Katito. Kwetu mgeni haji mikono mitupu. Anyango alikuja na kuku wa madoa aliyemnunua sokoni asubuhi hiyo, amemfunga miguu na kumbeba kwapani.

"Huyu ni wa Milka," akasema. "Akae na wenzake mpaka Disemba."

Dorca alimfungua miguu pale pale, akamwachilia katikati ya kuku wake, mbele ya macho ya dada yake. Ndivyo tunavyofanya tangu zamani. Ukiweka kuku wa zawadi kando, aliyemleta atajiuliza kama umemkataa.

Siku ya nne kuku wa madoa alisinzia mchana kutwa. Joram akasema ni jua. Siku ya saba shingo ya Mama Kanisa ilipinda. Baada ya hapo ilikuwa kifo juu ya kifo. Kwa wiki mbili walikufa kumi na saba, mbali na yule wa madoa. Chifu alifia mlangoni pa jikoni, kichwa chake kikitazama nje. Dorca alichimba mashimo marefu na kuwazika wote, akalia kama mtu aliyefiwa. Sikumcheka. Nami nilishafagia manyoya.

Walibaki kuku tisa. Disemba ilikuwa inakuja.

"Nimeuziwa maji," Dorca akasema, akijifuta machozi. "Yule mchanaji wa mbwa ameniuzia maji."

Siku ya soko pikapu ya Ziwa Mifugo huja Katito. Huegesha karibu na wauza nyanya, na Rehma huuza dawa akiwa amesimama nyuma yake. Siku hiyo Dorca alikata katikati ya watu, akaiweka ile chupa tupu mbele yake.

"Daktari," akasema, "shika maji yako."

"Mama, mimi si daktari, ni mhudumu tu wa kampuni. Kuna nini?"

"Kuku kumi na saba. Wamekufa, hicho ndicho kilichopo."

Watu walianza kukusanyika. Mmoja akasema dawa za siku hizi ni feki. Mwingine akasema yeye alijua tangu zamani, ingawa hajawahi kufuga hata njiwa. Mimi pia nilikuwa pale. Naona haya kusema kwamba nilikuwa nikifurahia.

Rehma aliiokota chupa, akaisoma karatasi yake.

"Tarehe yake haijapita," akasema. "Mama, sitabishana nawe hapa. Nikimaliza kuuza nitakuja kwako. Unionyeshe ulivyofanya, tangu mwanzo, kwa vyombo vile vile. Kama kosa ni letu, nitarudi kulisema mbele ya hawa watu wote."

"Na kama ni langu?"

"Hilo nitakuambia jikoni."

Jibu hilo lilimpoza Dorca kidogo. Akaondoka kwenda kuweka chai.

Saa tisa Rehma alifika kwa miguu. Joram alikuwepo, Anyango alikuwepo, na mimi nilipita njia kwa bahati, bahati niliyoitafuta mwenyewe. Dorca alianza kuonyesha. Akaleta thermosi.

"Barafu ilikuwa bado haijayeyuka?" Rehma akauliza.

"Bado. Iligonga gonga njia nzima."

"Vizuri. Uliwanyima maji?"

"Saa mbili. Walinilaani."

"Vizuri sana."

Dorca akaleta beseni. Akatia maji ya kisima. Kisha akanyoosha mkono darini, akashusha chupa ndogo ya dawa ya maji.

"Ngoja," Rehma akasema. "Hiyo ni ya nini?"

"Ya kusafisha maji. Niliwatilia vifuniko viwili. Nisingewapa maji machafu."

Rehma akatafuta kigoda, akakaa. Halafu akauliza kwa upole, "Mama, watu wa afya waliwafundisha hiyo dawa inafanya kazi gani ndani ya maji?"

"Inaua vijidudu," Dorca akajibu haraka, kama yuko darasani.

"Basi sikiliza. Ndani ya chanjo hii mna vijidudu vya kideri. Vimedhoofishwa, haviwezi kuua kuku, lakini viko hai. Kuku akivinywa, mwili wake unajifunza kupigana navyo. Kideri chenyewe kikija, kinakuta mwili umejiandaa. Lakini ni lazima vifike tumboni vikiwa hai."

Dorca alitazama beseni. Alitazama ile chupa mkononi mwake. Nilimwona akielewa.

"Yawa," akasema kwa sauti ndogo. "Niliiua mwenyewe."

"Tuliiua wawili," Rehma akasema. "Sikukuuliza kama maji yako yana dawa. Wakati huu wa kipindupindu nilipaswa kumwuliza kila mtu. Mbwa alinikimbiza, nikasahau. Hilo ni kosa langu, na nitalisema sokoni."

"Kwa hiyo sasa tuache dawa ya maji?" Joram akauliza. Uso wake ulijaa matumaini.

"Hapana, Baba. Maji ya watu yaendelee kutiwa dawa. Ni maji ya chanjo tu ndiyo yasitiwe. Na siku hiyo beseni lisioshwe kwa dawa wala sabuni. Lisuuzwe kwa maji matupu ya kisima."

Joram akarudia chai yake.

"Na ugonjwa uliingiaje?" Dorca akauliza. "Boma langu lilikuwa zima."

"Kuna kuku yeyote aliyeletwa kutoka nje?"

Anyango aliinamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Nimeua kuku wa dada yangu."

"Hukujua, Mama," Rehma akasema. "Kuku wa soko amekutana na kuku wa boma nyingi. Anaweza kuwa na ugonjwa siku kadhaa bila kuuonyesha. Tena kuna watu wakiona kuku wao wanaanza kufa, huwakimbiza sokoni waliobaki. Mama Milka aliwazika wake, na hilo ndilo la kufanya. Wazikwe kwa kina, au wachomwe. Wasiuzwe, wasitupiwe mbwa."

"Sasa kuku wa zawadi tuwafanyeje?"

"Kuku mgeni akae peke yake siku kumi na nne. Awe na chakula chake na maji yake. Kila asubuhi hudumia wenyeji kwanza, yeye mwisho. Ukitoka kwake nawa mikono kwa sabuni. Siku kumi na nne zikipita naye ni mzima, ajiunge na wenzake."

Joram alitikisa kichwa. "Hiyo haiwezekani hapa. Mtu akuletee zawadi, nawe uifunge kando kama mwizi wa ng'ombe? Undugu utakwisha."

Alisema kweli. Dorca alikuwa akitazama nje, kuelekea lango la boma. Karibu na lango ilisimama simba, nyumba ambayo kijana wa kiume hujengewa akikua. Ilikuwa ya mtoto wao Absalom. Yeye alikuwa kazini Mombasa, na nyumba ilikuwa tupu.

"Baba Milka," Dorca akasema, "mgeni akija hapa, tunamlaza wapi?"

"Pale simba."

"Si huku jikoni?"

"Nani amlaze mgeni jikoni?"

"Basi kuku wenyeji walale jikoni. Kuku mgeni alale langoni, kama wageni wengine."

"Kuku walale katika simba ya Absalom?"

"Soksi za Absalom zilinuka kuliko kuku wowote," Dorca akasema. "Na wewe wajua."

Joram alijaribu kununa, akashindwa. Anyango alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Rehma, mgeni wa siku moja, alificha uso kwenye mtandio.

Wiki iliyofuata Rehma alisimama juu ya pikapu, akaeleza kosa la maji mbele ya soko zima. Alisema ni yeye aliyesahau kuuliza. La vifuniko viwili hakulitaja. Dorca ndiye aliyelitaja, tena kwa sauti. "Nilitia viwili," akasema. "Msije mkatia hata kimoja."

Chupa moja ya chanjo hutosha kuku mia moja, na ikishachanganywa haiwekwi. Dorca alikuwa na kuku tisa. Akaona ni hasara kumwaga, akatukusanya majirani, tukawa boma tano pamoja na lake. Mimi nilikuwa mmoja wao, na banda langu jipya la kuku sita. Barafu ilitoka kwa Anyango. Kila wiki gari humletea barafu ya samaki kutoka Kisumu. Rehma aliifunga chupa ndani ya mfuko wa nailoni, akaipakia humo. Chanjo ilifika ikinuka mbuta, lakini ilikuwa baridi. Asubuhi moja ya Agosti boma zote tano ziliwapa kuku maji ya kisima yenye chanjo. Novemba tukarudia, maana chanjo hii hurudiwa kila miezi mitatu.

Sukari alikuwa miongoni mwa wale tisa. Alilalia mayai kumi na mawili, akaangua kumi na moja. Wengine nao wakaangua. Kufika Disemba boma lilikuwa na kuku thelathini na mmoja, na vijogoo vyake vilikuwa vimeanza kuwika kwa sauti mbovu.

Dorca alifagia simba, akamwaga mchanga sakafuni. Kisha alichukua mkaa, akaandika mlangoni kwa mkono wake mwenyewe:

KUKU MGENI. SIKU 14.

Herufi zilipanda na kushuka, lakini hapakuwa na kosa. Nilimpa kumi juu ya kumi.

Jumamosi ya pili ya Disemba wageni walifika saa tano. Walikuwa kumi na wawili kama walivyosema, na Masinde akitangulia katika suti iliyombana. Wa mwisho kushuka garini alikuwa Mzee Wepukhulu. Kwa mkono mmoja alishika fimbo. Kwa mkono wa pili alikumbatia jogoo mkubwa mweusi mwenye mkia mwekundu.

"Mulembe," akasalimia. Tukaitikia. "Huyu nimemlea mwenyewe tangu yai. Ni wa mama yake Milka. Mwachilie hapa, awaone wake zake."

Milka alishika mkono wa Masinde. Joram alianza kukagua viatu vyake. Sita walikuwa tayari chunguni, kuku ishirini na watano walikuwa wakidonoa uwanjani, na mzee alikuwa akingoja kuona zawadi yake ikipokewa.

Dorca alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

"Ero kamano, Baba. Asante sana."

Halafu aligeuka. Hakwenda jikoni. Alielekea langoni, kwenye simba.

Fimbo ya mzee ikatulia.

"Mama," akaita, "mbona jogoo wangu anapelekwa kule? Kwetu zawadi ikiwekwa kando, imekataliwa."

"Hata kwetu, Baba," Dorca akasema. "Naomba uje uone mwenyewe."

Mzee akamfuata. Sisi tukafuata kwa mbali, tukijifanya tunatazama mawingu. Alisimama mbele ya mlango, akasoma yale maandishi. Akasoma tena.

"Amefungwa siku kumi na nne," akasema. "Kosa lake nini?"

Dorca akafungua mlango. Ndani mlikuwa na mahindi katika kibakuli, maji masafi, na kikapu kipya chenye nyasi kavu.

"Hana kosa, Baba. Hii ni nyumba ya mtoto wangu wa kwanza. Hapa ndipo tunapowalaza wageni wa heshima. Juni nilizika kuku kumi na saba. Walikuwa wa siku ya leo. Waliletewa ugonjwa na kuku wa zawadi, zawadi ya dada yangu anayenipenda. Nikimwachilia jogoo wako leo, kisha kuku wafe, watu watasema mkwe alileta mkosi. Sitaki jina lako lisemwe hivyo katika boma langu. Akikaa hapa siku kumi na nne, atatoka na heshima yake na yako."

Mzee Wepukhulu alimtazama jogoo wake, ambaye tayari alikuwa ameanza mahindi.

"Mwaka jana," akasema mwishowe, "walinifia arobaini. Jirani yangu alikuwa amenipa kuku wa shukrani. Nilidhani amenirogea. Sijamsalimu tangu hapo, na tunapakana shamba."

"Pole, Baba."

"Pole mpe yeye." Mzee alianza kucheka, kicheko kilichoanzia tumboni. "Na hiyo dawa yako hupatikana wapi?"

"Nitakueleza yote, hata la maji. Lakini kwanza ule. Firigisi inapoa."

Walikula kuku sita siku hiyo. Firigisi ilikaa katika sahani ya mzee, na kila aliyepita aliiona. Joram naye alikuwa amepika samaki wake kwa siri. Mzee akamla mpaka mifupa, akaomba mchuzi. Kabla ya jua kutua siku ya harusi ilikuwa imekubaliwa. Milka alilia, na Dorca akamwambia ni moshi wa jikoni, ingawa walikuwa uwanjani.

Yule jogoo alitoka kwenye simba siku ya kumi na tano, mzima kabisa. Dorca alimpa jina la Mkwe. Mwezi wa Januari kideri kilirudi Katito, kikafagia boma nyingi. Katika boma zetu tano hakikuua hata kuku mmoja. Wangu sita sasa walikuwa kumi na watano, na mimi pia nimeanza kuwapa majina. Msinicheke.

Aprili ilikuwa zamu ya Dorca na Joram kwenda Bungoma kuwaona wakwe zao. Dorca alibeba kuku mwekundu, mtoto wa Sukari, kwenye kikapu. Alimkabidhi Mzee Wepukhulu kwa mikono miwili.

Mzee alimpokea, akashukuru. Kisha akageuka. Akalipita jiko, akaupita uwanja wenye kuku, akaenda mpaka kwenye kibanda kipya karibu na ua. Pembeni alisimama yule jirani yake, ameshika nyundo. Ndiye aliyemsaidia kukijenga.

Mlangoni kulikuwa na maandishi ya chokaa. Dorca alisogea, akayasoma mwenyewe, neno kwa neno, kwa sauti ya kusikika.

"Kuku mgeni. Siku kumi na nne." Akamgeukia mzee, uso mkavu. "Baba, kuku wangu ana kosa gani?"

Mzee Wepukhulu akamfungulia mlango. Ndani mlikuwa na mahindi, maji, na kikapu kipya.